Lisemwalo Lipo, Lakini Lina Kipimo Chake



Ndugu zangu wasomaji, mama zetu, dada zetu na mabinti zetu, wiki hii nimeiweka kando mada niliyokuwa nimeiandaa ili nijibu barua ya mama mmoja wa Kisauni. Mama huyu ana watoto watatu, na mumewe yuko kazini katika nchi za Ghuba. Anaeleza kwamba alipokea ujumbe katika kundi la WhatsApp la akina mama wa mtaani, ukiwaonya watu kwamba usiku ule, tangu saa sita na nusu hadi saa tisa na nusu, mionzi hatari kutoka anga za mbali ingepita karibu mno na Dunia. Kila mtu aizime simu yake, aiweke mbali na mwili wake, kisha awapelekee wenzake ujumbe huo kwa haraka. Chini yake yaliandikwa majina ya NASA na BBC.

Mama akaogopa juu ya wanawe, akazizima simu zote za nyumbani. Usiku uo huo mama yake mzazi, anayeishi mtaa mwingine na msichana wa kazi, akashikwa na pumu. Msichana alipiga simu mara nyingi bila ya kupata jibu, mpaka jirani akaamka na kumpeleka bibi hospitali. Alhamdulillah, bibi ni mzima. Lakini binti yake anauliza maswali mawili: "Je, mionzi hiyo ipo kweli, au ni uongo mtupu? Na kama ipo, nilikosea kuwalinda wanangu?"

Nitaanza na swali la pili, kwa kuwa ndilo linalomnyima usingizi. Mama anayeogopa juu ya wanawe hana lawama. Lawama ni ya aliyeutunga ujumbe ule, na baada yake ni ya sisi sote tunaozipokea habari na kuzisambaza kabla ya kuzihoji. Ama swali la kwanza, jibu lake linahitaji utulivu, kwa sababu uvumi huu una kipande cha ukweli ndani yake, na ndicho kinachoufanya uaminike.

Wahenga walisema lisemwalo lipo, kama halipo laja. Methali hii wengi huitumia kuwa hoja ya kila uvumi. Nami nasema: naam, hapa lisemwalo lipo. Lakini si kila kilichopo kinatufikia, na si kila kinachotufikia kinatudhuru. Baina ya kuwapo kwa kitu na madhara yake pana jambo moja ambalo uvumi haulitaji kamwe, nalo ni kipimo.

Kilichopo ni hiki. Katika anga iliyoizunguka Dunia yetu zimo chembe ndogo zisizoonekana kwa jicho wala kwa darubini, zinazokwenda kwa kasi kubwa mno. Nyingi katika hizo ni chembe nyepesi. Kuna elektroni, ambayo ni nyepesi kuliko zote tutakazozitaja. Kuna protoni, ambayo ndiyo kiini cha hidrojeni, na uzito wake ni takriban mara 1,836 ya elektroni. Na kuna kiini cha heliamu, chenye protoni mbili na nyutroni mbili. Baadhi ya chembe hizi hutoka katika Jua letu. Nyingine hutoka mbali zaidi, miongoni mwa nyota, na hizo ndizo wataalamu wanazoziita mionzi ya anga. Katika mia moja ya chembe hizo zitokazo mbali, karibu 90 ni protoni, karibu 9 ni viini vya heliamu, na kinachobaki ni viini vizito na elektroni.

Habari ya mionzi hiyo si ngeni. Mwaka 1912 mwanasayansi wa Austria, Victor Hess, alipanda angani kwa puto hadi zaidi ya mita 5,000 akiwa na vipimo vyake. Watu walidhani mionzi yote hutoka ardhini, basi kadiri mtu apandavyo ingepaswa kupungua. Yeye aliikuta ikiongezeka. Akajua kwamba iko inayotoka juu, na kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1936. Mwaka 1927 Mholanzi Jacob Clay alipima mionzi hiyo melini katika safari ya baina ya Java na Ulaya, akaona kwamba karibu na ikweta huwa dhaifu kuliko kaskazini. Msomaji wa Pwani na alishike jambo hilo, tutalirudia.

Lakini puto na meli haziwezi kutoka nje ya hewa. Kipimo cha anga yenyewe kilingoja setilaiti. Setilaiti ya kwanza ya Marekani, Explorer 1, ilirushwa tarehe 31 Januari 1958, na ndani yake mlikuwa na kihesabio cha Geiger kilichotengenezwa na James Van Allen na wenzake wa Chuo Kikuu cha Iowa. Kazi yake ilikuwa kuhesabu chembe moja moja zinapopita. Setilaiti ilipokuwa chini, hesabu ilikuwa ya kawaida. Ilipopanda juu zaidi, kihesabio kikanyamaza. Kikaonyesha sifuri.

Mtu wa haraka angesema kwamba huko juu hakuna kitu. Van Allen na wenzake hawakufanya haraka. Mwezi Machi mwaka uo huo Explorer 3 ilipaa na kipimo cha namna ile ile pamoja na kinasa kumbukumbu, na sifuri ikatokea tena pale pale palipo juu. Mmoja wao, Carl McIlwain, akakijaribu kihesabio cha aina hiyo maabarani kwa kukimwagia mionzi mikali, nacho kikanyamaza vile vile. Hapo siri ikafunuka. Mfano wake ni mpokea wageni mlangoni mwa nyumba ya harusi. Waalikwa wakiingia mmoja mmoja atawahesabu barabara. Wakija mia kwa pamoja wakisukumana, kalamu yake itasimama, na daftari lake halitaonyesha mtu. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Sifuri ile ilimaanisha kwamba chembe zilikuwa nyingi kupita uwezo wa kihesabio.

Hivyo ndivyo ilivyogunduliwa mikanda ya Van Allen, na habari yake ikatangazwa mwezi Mei 1958. Uga wa sumaku wa Dunia huzinasa protoni na elektroni na kuzizungusha katika mikanda miwili mikubwa. Mkanda wa ndani, wenye protoni kali, uko takriban kilomita 1,000 hadi 6,000 juu yetu. Mkanda wa nje, wenye elektroni nyingi, huanza takriban kilomita 13,000 na kwenda mbali zaidi.

Sasa nawaomba wasomaji tugeuke tutazame bahari yetu wenyewe, kwa maana wengi hawajui kwamba sehemu ya elimu hii ilirushwa kutoka hapa. Kule Ngomeni, kaskazini ya Malindi, Waitaliano chini ya Profesa Luigi Broglio walisimamisha majukwaa ya chuma baharini, yakaitwa San Marco. Kutoka hapo roketi ya kwanza yenye setilaiti iliruka mwezi Aprili 1967. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha uhuru wa nchi yetu, ilirushwa setilaiti ya Marekani ikapewa jina la Kiswahili, Uhuru. Hiyo ilichunguza miale ya eksirei inayotoka kwenye nyota. Lakini iliyo muhimu zaidi kwa mada yetu ni iliyokuja baadaye: Explorer 45, iliyopaa kutoka Ngomeni tarehe 15 Novemba 1971.

Setilaiti hiyo ilikuwa ndogo, ya takriban kilo 50. Njia yake ilifuata ikweta, ikishuka hadi kilomita mia mbili na kitu kutoka ardhini, kisha ikipanda hadi takriban kilomita 27,000, na mzunguko mmoja ulichukua muda usiotimia saa nane. Kwa hiyo iliipasua mikanda ile ikienda na kurudi, siku baada ya siku, hadi mwaka 1974. Ilipima protoni, elektroni na viini vya heliamu. Kazi yake kubwa ilikuwa kuchunguza mkondo unaoizingira Dunia mfano wa pete wakati wa dhoruba za sumaku, pale protoni zinapokwenda upande wa magharibi na elektroni upande wa mashariki. Kwa nini Ngomeni? Kwa sababu roketi inayorushwa karibu na ikweta hupata msukumo mkubwa wa mzunguko wa Dunia, na kwa sababu setilaiti iliyotakiwa kuizunguka ikweta ilifaa iondokee papo hapo.

Huenda msomaji akauliza: kitu kisichoonekana hupimwaje, na chembe moja hutambulikanaje na nyingine? Fikirini chekeche kadhaa zilizopangwa moja juu ya nyingine. Ndani ya setilaiti hupangwa vibamba vyembamba vya silikoni. Chembe ikipita katika kibamba huacha sehemu ya nishati yake, nayo hugeuka kuwa ishara ndogo ya umeme. Kiini cha heliamu kina chaji mara mbili ya protoni, na kikipita kwa kasi ile ile huacha nishati mara nne. Chembe dhaifu huishia kibamba cha kwanza, na yenye nguvu hupenya mpaka cha mwisho. Vyombo vingine hutumia sumaku: elektroni hupinda upande mmoja, protoni upande wa pili, na yenye nguvu zaidi hupinda kidogo zaidi. Hivyo ndivyo kilivyofanya kazi chombo PAMELA, kilichorushwa mwezi Juni 2006 na kupima kwa karibu miaka 10, na ndivyo kinavyofanya kazi AMS, kilichofungwa kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga mwezi Mei 2011, ambacho kimekwisha kurekodi chembe zaidi ya bilioni 200.

Basi chembe zipo, tena ni nyingi. Zimehesabiwa, zikapangwa kwa aina na kwa nguvu. Lililobaki ni swali la mama: zinatufikia?

Mbele yetu pana ngao mbili. Ya kwanza ni sumaku ya Dunia, ambayo huzipindisha chembe zenye chaji. Karibu na ikweta mistari ya uga huo imelala sambamba na ardhi, hivyo chembe inayotoka juu hulazimika kuikata kama mtu anayevuka mto wenye mkondo mkali. Zenye nguvu ndogo hurudishwa. Ndiyo sababu Jacob Clay aliikuta mionzi imepungua alipoikaribia ikweta, na sisi wa Pwani tuko humo. Ngao ya pili ni hewa. Hewa yote iliyo juu ya kichwa cha mtu aliyesimama ufukweni ina uzito sawa na maji ya kina cha mita 10, yaani takriban pima tano na nusu. Mzamiaji wetu anajua maana ya kuwa chini ya maji hayo. Chembe ya mbali ikifanikiwa kupita sumaku hugongana na hewa huko juu, ikavunjika, ikazaa chembe nyingine, na nguvu yake ikagawanyika.

Kinachofika chini ni mabaki. Mengi yake ni chembe ziitwazo myuoni, karibu moja kila dakika katika kila sentimita moja ya mraba. Nyoosha kiganja chako, ndugu msomaji: takriban kila sekunde moja inapita humo. Ilipita jana, itapita kesho, mchana na usiku, saa sita na nusu na saa nne ya asubuhi. Ilipita juu ya babu zetu kabla simu haijabuniwa. Kamati ya Umoja wa Mataifa inayochunguza athari za mionzi hukadiria kwamba mtu wa wastani duniani hupokea takriban milisiveti 2.4 kwa mwaka kutokana na vyanzo vya maumbile, na katika hizo zinazotoka angani ni takriban 0.4 tu. Nyingi zaidi hutoka ardhini, hasa kwa gesi ya radoni tunayoivuta. Na kwa kuwa hewa ndiyo ngao, aishiye usawa wa bahari hupata ya angani kidogo kuliko aishiye milimani.

Kwa kipimo hicho, na tuurudie ujumbe wa usiku ule tuuhoji kwa mambo matatu.

Kwanza, saa. Ujumbe ulisema saa sita na nusu hadi saa tisa na nusu, bila ya kutaja mji. Dunia ni mviringo. Ikiwa Mombasa ni saa sita na nusu usiku, Muscat huwa ni saa saba na nusu, na Jakarta huwa ni saa kumi na nusu ya alfajiri. Chembe za anga hazifuati saa ya ukutani ya kila mji. Ujumbe huu umezunguka nchi nyingi kwa miaka mingi na saa zile zile, na kila aupokeaye hudhani anaambiwa yeye.

Pili, simu. Simu haizivuti chembe hizi wala haizizalishi. Mawimbi yake ni ya redio, jamii nyingine kabisa. Kuizima hakuongezi ngao wala hakupunguzi chembe hata moja inayopita katika kiganja. Iwapo mama anataka kuiweka simu mbali na mto wa mtoto ili alale vizuri, hilo ni jambo jema, lakini lina sababu yake nyingine, wala halihitaji kusingiziwa anga.

Tatu, wenye kuzima vyombo kwa kweli ni nani. Wapo. Juu ya Brazili na bahari ya Atlantiki ya Kusini, uga wa sumaku wa Dunia ni dhaifu, na mkanda wa ndani hushuka karibu zaidi. Darubini ya Hubble huacha kutazama nyota kila ipitapo hapo, na vyombo vyake vinavyoweza kuathirika hupunguziwa umeme ili visidhurike. Hao wamepima, wakajua mahali na muda, ndipo wakazima. Wako juu ya hewa. Sisi tuko chini yake.

Sitaki mtu aelewe kwamba anga haina madhara yoyote, maana huo pia ungekuwa upotofu. Wanaanga hupokea mionzi mingi kuliko sisi. Marubani na wahudumu wa ndege, kwa kazi yao ya miaka mingi huko juu, hupata zaidi kidogo, na katika nchi kadhaa hufanyiwa hesabu yake. Na Jua likichafuka, huweza kudhuru mitambo. Tarehe 13 Machi 1989 dhoruba ya sumaku ilizima umeme wa jimbo la Quebec nchini Kanada kwa takriban saa tisa, na watu milioni sita wakabaki gizani. Kilichoharibika kilikuwa mfumo wa umeme wenye nyaya ndefu, katika nchi iliyo kaskazini ya mbali. Kwa ajili ya hatari kama hiyo zimewekwa setilaiti kama ACE, iliyorushwa 1997, zikilinda kiasi cha kilomita milioni 1.5 kutoka hapa upande wa Jua. Upepo wa Jua huenda takriban kilomita 400 kwa sekunde, kwa hiyo kipimo cha setilaiti hizo hutupa onyo la karibu saa moja, na pungufu ya hapo dhoruba ikiwa na kasi. Onyo la kweli hutoka hivyo, na huwaendea wenye mitambo ya umeme, ya ndege na ya mawasiliano, ambao wanajua la kufanya.

Ndugu zangu, Sura ya Al-Hujurat imetuamrisha tuichunguze habari tusije tukawadhuru watu kwa kutojua. Tumezoea kuifasiri amri hiyo katika mambo ya fitina na ugomvi. Lakini habari ya kielimu nayo ni habari, na madhara yake yanaweza kuwa ya kweli, kama kumwacha mgonjwa akiita pasi na wa kuitika.

Basi nawausia akina mama na akina baba mambo machache. Ukipata ujumbe wa kutisha, uulize: ni wapi, lini, kiasi gani, na nani aliyepima? Ujumbe wa kweli hujibu maswali hayo. Ukiona umetajwa jina kubwa, litafute tamko hilo kwa mwenye jina mwenyewe, au muulize mwalimu wa sayansi wa shule ya karibu, naye atafurahi kuulizwa. Ukiona unahimizwa kupeleka haraka, hapo ndipo pa kusimama. Na nyumba yenye mzee, mgonjwa au mjamzito katika jamaa zake, na iwe na simu moja isiyozimwa usiku, na jamaa wote waijue namba yake.

Na watoto wetu wa darasani msiwafundishe kuogopa anga. Wafundisheni kuhesabu. Waambieni kwamba kutoka Ngomeni, katika bahari wanayoogelea, kilipaa chombo kidogo kikaenda kuzipima chembe zile, na kwamba hakuna kinachomkataza mtoto wa Kilifi, wa Lamu au wa Kwale kuwa mpimaji wa kesho.